Majibu ya Babu Bado Hayajarudi

Ukipita Ruaha Mbuyuni kwa basi la Mbeya au Songea, utakachokumbuka ni vitunguu. Vimefungwa kwenye nyavu, vimepangwa pembeni mwa lami, na vijana wanakimbilia madirisha kabla gari halijasimama vizuri. Joto kali, mibuyu, daraja la Mto Ruaha, halafu gari linaanza kuhema kupanda Kitonga na watu wanatafuta masweta. Kwa abiria wengi ni mahali pa kununua vitunguu na kuchimba dawa. Kwangu mimi ni nyumbani. Babu yangu amelima vitunguu pale tangu kabla mama hajazaliwa, na ni habari yake iliyonifanya niandike makala hii, ingawa nasomea ualimu na hata sindano sijui inashikwaje.

Mwaka 2018, nikiwa kidato cha pili, lilikuja gari jeupe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba siku moja kabla: wageni wanakuja kupima watu wazima, msikimbilie mashambani. Walikuja watatu. Walimkalisha babu chini ya mwembe, wakamuuliza maswali marefu. Unavuta sigara? Unakunywa pombe siku ngapi kwa wiki? Chumvi unaongeza mezani? Baba yako alikufa kwa ugonjwa gani? Hilo la mwisho babu alilijibu kwa kicheko: "Hakufa kwa ugonjwa, siku zake ziliisha tu." Dada mmoja akamfunga ule mkanda wa presha, ukajaa upepo, ukashuka, akaandika namba. Akaitazama. Akafunga tena, akaandika tena. Halafu wakatoa damu mirija miwili, babu akaweka dole gumba kwenye karatasi, tukapewa mche wa sabuni na kilo moja ya sukari.

"Majibu yatakuja, mzee wetu," alisema yule dada.

Hayakuja. Mwaka 2022, msimu wa kuvuna, babu alianguka shambani. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayaeleweki. Unajua kijijini mambo yanavyokwenda: mmoja akasema amekanyaga kitu, mwingine akasema mavuno yake yamewaumiza watu macho. Siku mbili zikaishia kwa mganga. Siku ya tatu tukampandisha Kitonga kwenye pikapu, mama kamshika kichwa, mimi nimeshika chupa ya maji asiyoweza kumeza. Daktari akasema ni kiharusi, na kwamba presha ile haikuanza juzi, imekaa mwilini miaka. Babu yuko hai, Mungu asifiwe. Lakini jembe hajalishika tena, na akiongea, wajukuu wadogo wanamtazama bibi ili awatafsirie.

Hicho ndicho kinachonikaa kooni. Namba ya presha yake ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, tena mara mbili, miaka minne kabla hajaanguka.

Sasa usinielewe vibaya. Siandiki ili tuwafukuze watafiti vijijini. Naandika kwa sababu nataka waje zaidi, ila waje kwa namna nyingine. Kuchukua damu ya mtu si kosa. Kosa ni kuichukua na kuondoka nayo.

Anza na mji mmoja wa Marekani unaoitwa Framingham, jirani na Boston. Mwaka 1948 watafiti waliandikisha pale watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 30 hadi 62, wengi wao wakiwa hawana dalili yoyote ya ugonjwa wa moyo. Wazo lilikuwa rahisi na la ajabu kwa wakati ule: tusisubiri watu waumwe ndipo tuwaulize, tuwapime wakiwa wazima, kisha turudi kila baada ya miaka miwili, turudi tena, na tena, tuone nani anaumwa na nani haumwi, na walitofautiana nini tangu mwanzo. Mwaka 1971 wakaongeza watoto wa wale watu na wenzi wao. Mwaka 2002 wakaongeza wajukuu. Utafiti ule haujafungwa mpaka leo.

Hapo kabla, madaktari wengi waliamini presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka ni jambo la kawaida, kama mvi. Rais wao Franklin Roosevelt alikuwa na presha ya juu kwa miaka, na siku aliyofariki kwa kiharusi, Aprili 12, 1945, ilipimwa ikakutwa 300 kwa 190. Mtu mwenye madaktari wa taifa zima! Kwa hiyo nikisikia mtu anawacheka wazee wetu kwamba ni washamba hawajui presha, huwa namkumbusha kwamba mwaka 1945 Ikulu ya Marekani nayo haikuwa mbali sana na Mbuyuni.

Framingham ndiyo iliyobadilisha hayo. Kufikia mwaka 1961 watafiti wake walikuwa wameandika kwamba presha ya juu na lehemu nyingi kwenye damu hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka, na sigara nayo ikaingia kwenye orodha. Msamiati wa "vihatarishi", ambao leo uko kwenye kila bango la kliniki, ulisambaa duniani kutokana na kazi yao. Lakini mimi kilichonigusa kuliko yote ni jambo dogo ambalo hata halisemwi sana: matokeo ya vipimo yalipelekwa kwa daktari wa mtu mwenyewe. Mwananchi wa Framingham alitoa damu yake kwa sayansi, na wiki kadhaa baadaye daktari wake alijua presha yake ni ngapi. Babu yangu alipata sabuni.

Utauliza, hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini? Kwanza yanatuhusu kwa sababu watu wa Framingham ya mwanzo karibu wote walikuwa weupe, na hesabu za hatari ya moyo zilizotokana nao zimetumika kupima watu wa dunia nzima. Wamarekani weusi wenyewe ilibidi waanzishiwe utafiti wao kule Jackson, Mississippi, mwaka 2000, wakaandikishwa watu 5,306. Pili, kuna utafiti uliofanyika huku huku kwetu, kwenye Nyanda za Juu Kusini, ambao nimeuliza darasa zima na hakuna aliyewahi kuusikia.

Lugalawa iko milimani wilaya ya Ludewa, ambayo leo ni mkoa wa Njombe lakini wakati ule ilikuwa Iringa. Katika miaka ya 1990 kundi la watafiti, wengi wao Waitaliano, walilinganisha wanavijiji wa makundi mawili wasioishi mbali sana na wenzao. Kundi moja ni wakulima wa milimani ambao chakula chao karibu chote kilitoka shambani. Kundi la pili ni wavuvi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ambao samaki ni chakula cha kila siku. Jumla walikuwa zaidi ya watu elfu moja. Matokeo yalitoka mwaka 1996 kwenye jarida la Lancet: wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi na mafuta machache zaidi kwenye damu kuliko wenzao wa milimani.

Kilichowashangaza zaidi ni aina moja ya mafuta hayo, inayoitwa lipoproteini(a). Hii ni ya pekee kwa sababu kiwango chake, kwa sehemu kubwa, kinaamuliwa na jeni uliyorithi. Ukizaliwa nacho juu, wataalamu walikuwa wanasema, ndiyo basi tena, chakula hakibadilishi kitu. Lakini wavuvi wale walikuwa nacho chini. Je, walirithi jeni tofauti? Watafiti wakarudi maabara wakalichunguza swali hilo, na mwaka 1999 wakachapisha jibu: hata ukilinganisha watu wenye jeni ya aina moja, mla samaki bado alikuwa na kiwango cha chini. Yaani sahani ilikuwa inabishana na ukoo, na ilikuwa inashinda.

Nilipoisoma hii nilisimama nikazunguka chumba. Kwa sababu nyumbani kwetu, baada ya babu kuanguka, baba mdogo naye akapimwa akakutwa na presha, na maneno ya wazee yakawa: "Ni ya ukoo hiyo. Imo kwenye damu." Neno hilo likishatamkwa, mazungumzo yameisha. Chumvi inaendelea kumwagwa kwenye mboga, dawa zinaachwa kabatini, maana utapigana vipi na damu yako mwenyewe? Na watu wa Lugalawa walishatoa damu yao, zaidi ya robo karne iliyopita, ikasema kwamba urithi ni kweli lakini haujafunga mlango. Jibu hilo limelala kwenye majarida ya Kiingereza. Halijashuka Kitonga.

Tena kuna upungufu wa pili, mkubwa kuliko huo wa lugha. Utafiti wa Lugalawa ulikuwa picha moja iliyopigwa siku moja. Ulisema nani ana presha gani wakati ule. Haukusema nani alipata kiharusi miaka kumi baadaye, wala wajukuu wa wale wavuvi, ambao leo wengine wako vyuoni wanakula chipsi mayai kama mimi, damu yao inasemaje. Picha haijui kesho. Ili kuijua kesho lazima mtu abaki.

Wakenya walilionyesha hili vizuri. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliohama kutoka vijijini Nyanza kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Haikuchukua miaka, ndani ya kipindi kifupi tu cha kufika mjini presha za wahamaji zilikuwa zimepanda kuliko za waliobaki, na mikojo yao ilionyesha chumvi nyingi zaidi. Jeni ni zile zile, kijiji ni kile kile walichozaliwa, kilichobadilika ni nauli. Kila mmoja wetu aliyeshuka stendi ya Iringa na begi mwaka wa kwanza amefanya safari kama hiyo. Kula yetu ya hosteli unaijua. Boom likitoka ni nyama choma, likikata ni maandazi na soda, na chumvi ya mezani haipungui wakati wowote. Kiasi cha chumvi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai, na hapo wamehesabu na ile iliyoko tayari kwenye mkate. Tuna miaka 22, tunajiona chuma.

Upande wa vinasaba ndipo panapouma zaidi. Kuna jeni inaitwa PCSK9. Kazi yake, kwa kifupi, ni kulipunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu kwenye damu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Dallas kule Texas waligundua kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wamezaliwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika nakala moja, na lehemu yao iko chini bila dawa wala mlo maalumu. Je, inawalinda moyo? Hapo ndipo wakakimbilia kwenye utafiti mwingine uliokuwa umewafuatilia watu kwa miaka 15. Mwaka 2006 wakachapisha: kati ya watu weusi 3,363, wenye hitilafu hiyo walikuwa asilimia 2.6 tu, lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Damu ilisema nani kazaliwa nayo, lakini ni ile miaka 15 iliyosema nani kaumwa. Huwezi kupata la pili kwa kupiga picha moja na kugawa sukari.

Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe ambaye nakala zote mbili za jeni hiyo zilikuwa zimeharibika, lehemu yake iko chini ajabu, na yeye ni mzima kabisa. Kwa ushahidi wa aina hiyo, kampuni zilipata matumaini kwamba dawa ya kuizima PCSK9 ingeweza kuwa salama. Dawa zikatengenezwa, zikaruhusiwa Marekani mwaka 2015, zikaanza kuuzwa kwa bei ya zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Zidisha kwa shilingi mwenyewe. Miili yenye asili ya Afrika ilitoa jibu, na mkulima wa vitunguu hawezi kulinunua.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka wanaoogopa. Bibi yangu hakukaa chini ya mwembe siku ile. Alijifungia ndani akisema mumiani wamerudi. Vijana wengi wa chuo wakisikia mumiani wanacheka, eti hadithi za kutishia watoto. Lakini isikilize vizuri hadithi yenyewe: wageni wanakuja na gari, wanachukua damu ya watu wa kawaida, damu inakwenda mbali kutengeneza dawa ya watu wengine, na aliyetoa harudishiwi kitu. Imesimuliwa tangu ukoloni. Mimi siamini mumiani, lakini mwaka 2018 bibi alikisia mwisho wa hadithi kuliko sisi tuliokaa foleni.

Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Majirani zetu Waganda, kule Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, wana utafiti ulioanza mwaka 1989 kwa ajili ya UKIMWI. Watafiti walikaa. Miaka ikapita, wakaanza kupima na presha, sukari na lehemu, kisha vinasaba, na mwaka 2019 wakachapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu wapatao 6,400. Katika mambo waliyoyakuta, kipimo kimoja kinachotumika duniani kutambua kisukari kinaweza kuyumbishwa na hitilafu ya kurithi ya chembe nyekundu za damu ambayo ni ya kawaida kwa watu wa ukanda wetu. Kipimo kilichotungwa kwa damu ya wengine kinaweza kukuambia uongo wewe. Ni nani angelijua hilo kwa kupima watu wa Framingham peke yao?

Hata hapa kwetu tumeshaweza. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kiliwafuatilia watu wapatao 18,000 kwenye maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya, kati ya mwaka 2006 na 2011. Kwa sababu walirudi kila mwaka, waliona kitu ambacho hakuna picha moja ingekionyesha: kule Kyela, watu waliokuwa na minyoo ya matende kwenye damu waliambukizwa VVU baadaye kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiokuwa nayo. Ilichapishwa mwaka 2016. Kyela, si California. Kwa hiyo mtu asiniambie watu wetu hawafuatiliki, wanahamahama, hawaelewi. Walifuatilika.

Nilipomweleza haya mwenzangu wa chumbani, alinikata. "We unaongelea vinasaba, kuna zahanati za kijijini hata dawa ya presha ya kawaida hazina. Hizo hela si zinunue vidonge?" Ni hoja nzito na sitaki kuiruka. Lakini fikiria jambo hili. Katika miaka ya 1990 watu walipimwa presha Ilala, Dar es Salaam, na kijijini Shari, Kilimanjaro. Kati ya waliokutwa na presha ya juu, wasiofika mmoja kati ya watano ndio waliokuwa wanajua kwamba wanayo. Waliodhibitiwa vizuri hawakufika asilimia moja. Na mwaka 2012, upimaji wa taifa ulikuta presha ya juu kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi. Hata ukijaza kabati la zahanati vidonge, vitamfuata nani, kama mgonjwa mwenyewe yuko shambani anapalilia na hajijui? Utafiti unaorudi kila baada ya miaka miwili, na kuacha namba mkononi mwa mtu, ni huduma tayari. Babu asingehitaji uchambuzi wa jeni zake. Angehitaji mtu amwambie, kwa Kiswahili au kwa Kihehe, "Mzee, hii iko juu, nenda kliniki." Vinasaba vingekuja baadaye, kwa faida ya wajukuu.

Kuhusu fedha, hata Framingham ilikaribia kufa mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipotaka kuifunga, ikaokolewa kwa kuchangisha. Hakuna aliyewahi kupewa miaka sabini mapema kwenye bahasha.

Mimi nina pendekezo, na naomba watu wa sayansi ya afya mnisamehe kuingilia. Mtafiti anakaa wiki mbili. Mganga wa zahanati anahamishwa. Lakini mwalimu, ajira zikitoka (najua, najua), anaweza kukaa kijiji kimoja miaka ishirini na zaidi. Anaujua ukoo wote kwa sababu amewafundisha wote. Anajua nani kahamia Mbeya, nani kaolewa Malolo, nani kafariki na kwa dalili zipi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye utafiti wa muda mrefu, kutowapoteza watu, na sisi tutaifanya bila hata kukusudia. Kwa nini vyuo vyetu vya nyanda hizi, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, visiungane na NIMR kuanzisha kundi la kufuatilia moyo katika vijiji vichache, cha joto kama Mbuyuni, cha baridi kama vya Kilolo juu, cha ziwani kama vya Ludewa, na kuwafanya walimu na shule kuwa nanga yake? Kibali cha NIMR kinahitajika, ndiyo. Ridhaa ya kweli inahitajika, si dole gumba la haraka chini ya mwembe, na tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Na liandikwe kwenye mkataba, kabla ya sindano ya kwanza: majibu ya mtu yatamfikia mtu, na matokeo ya kijiji yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha ya kijiji.

Kabla sijafika huko, nina deni langu la kukiri. Mwaka jana, kwa ajili ya utafiti wa kozi, nilisambaza dodoso 60 kwenye shule mbili za sekondari. Mada yangu ilikuwa utoro. Mkuu wa shule moja, mama mmoja mpole, aliniruhusu kutumia vipindi viwili vyake. Wakati naondoka akauliza, "Matokeo utatuletea, mwanangu?" Nikamjibu, "Bila shaka, mwalimu." Ripoti yangu imefungwa jalada stesheneri, imesahihishwa, nimepata B+. Sijarudi. Sikuwa hata na wazo la kurudi mpaka nilipoanza kuandika kuhusu lile gari jeupe, nikajikuta ndani yake. Na wewe unayesoma, dodoso zako ziko wapi? Nimeongea na wenzangu tisa wa mwaka wangu. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

Basi nimeandika kurasa mbili za Kiswahili, na zitapelekwa shule zote mbili kabla ya mitihani. Mkuu wa shule hatapata kitu cha ajabu humo, wanafunzi wake wanakosa shule siku za soko, na yeye analijua. Lakini ni yake.

Krismasi iliyopita nilitoa hela kwenye boom nikanunua mashine ndogo ya presha, ile ya kufunga mkononi, na muuguzi mmoja jirani yetu akanifundisha kuitumia: mtu akae atulie dakika tano, mgongo umeegemea, asiongee, pima mara mbili. Nilipima watu 11 wa ukoo wetu. Kila mmoja namba yake iko kwenye kaunta buku langu, na nyingine kwenye kipande cha karatasi anachobaki nacho mwenyewe. Watatu zilikuwa juu, nikawaambia waende kliniki. Wawili wamekwenda, mama akiwemo, na ameanza dawa. Baba mdogo anasema atakwenda akimaliza kuuza vitunguu. Bibi alikataa katakata mpaka alipoona karatasi zinabaki nyumbani, ndipo akatoa mkono: 138 kwa 84. Akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga. Babu naye alitaka kupimwa, akapimwa, kisha akauliza kitu ambacho bibi alilazimika kunitafsiria: kama hii ndiyo ile ya mwaka ule. Nikamwambia hapana, babu, hii ni ya leo. Narudi Julai.